Raba Alizozibeba Baba

Kaka yangu anauza raba za mtumba Maili Moja, Kibaha, na mimi ndiye ninayeziosha. Zikitoka kwenye robota zinakuwa bado na jasho la mtu wa nchi nyingine. Nachomoa kamba naziloweka peke yake, soli naisugua kwa mswaki na dawa ya meno, ndani najaza magazeti ili zikauke bila kupinda. Zinakaukia kivulini, maana nyeupe ikipigwa na jua inageuka manjano. Kazi hii naipenda kwa sababu haina maneno. Maneno yote anayo kaka.

Anajua msanii gani alivaa raba gani jukwaani, na mchezaji gani alishuka nazo kwenye ndege. Mteja akisitasita, kaka anabinya soli kwa kidole gumba, soli inabonyea, halafu inarudi.

"Umeona? Huu siyo mpira, mwanangu. Hii ni sayansi. Wale wanaorusha watu anga za juu ndio waliobuni hii kitu. Kwetu imeshuka tu."

Sijui kama ni kweli. Niliwahi kumuuliza, akasema alisoma mahali kwenye simu. Wateja wanaipenda hiyo habari. Wengine wanakuja wakiwa tayari wameisikia kwa wenzao, wanabinya soli wenyewe kabla hata ya kutusalimia.

Baba alikuwa akiishi Kisarawe, kwenye nyumba tuliyozaliwa, na shamba lake la minanasi na mihogo bondeni. Alipozidiwa na kisukari tulimleta Kibaha apimwe. Nesi alimlaza kitandani, akamwambia afumbe macho, kisha akaanza kumgusa nyayo kwa uzi mgumu kama wa kuvulia samaki.

"Ukisikia naugusa mguu, baba, sema ndiyo."

Baba akafumba macho, akangoja. Mimi nilisimama upande wa miguuni. Niliona uzi ukipinda kwenye kidole gumba, ukapinda kwenye kisigino, ukapinda katikati ya unyayo. Baba alikuwa kimya. Baadaye akasema, "Anza basi, binti yangu."

Nesi aliniangalia mimi, siyo baba.

Alitueleza taratibu. Miguu ya baba ilikuwa imekufa ganzi. Angeweza kukanyaga msumari na kuendelea na safari. Na mwenye sukari akipata kidonda, hakifungi kama cha mtu mwingine. "Kikitokea kidonda hapa," alisema, akishika unyayo wa kulia, "tutaanza kuzungumza habari za kukata. Kwa hiyo kuanzia leo, peku hapana. Hata ndani ya nyumba, hata kwenda chooni. Ndala pia hapana, zinaacha vidole nje. Mtafutieni kiatu laini kinachofunika mguu wote."

Tulitoka pale tukajiona tuna bahati. Nani angekosa kiatu laini, na sisi tuna kibanda kizima?

Kaka alimchagulia raba nyeupe, pana, zilizokuwa karibu mpya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeziosha. Baba alizitazama bila kuzigusa.

"Hizi nivae mimi? Watu watasema nimeoa kibinti."

"Baba, hebu mwangalie huyu." Kaka akamwonyesha kwenye simu picha ya mwimbaji mmoja maarufu, amevaa suti na raba kama zile, ameegemea gari. "Huyu ana uwezo wa kununua kiatu chochote duniani. Kachagua hiki."

"Na huyu naye hana baba wa kumkanya?"

Wateja wakacheka. Kaka akaona kwa njia ya wasanii hatafika. Akatafuta video nyingine, ya roketi. Roketi ilikuwa inashuka kutoka juu huku moto ukitoka chini yake, ikapunguza mwendo, ikatoa miguu, ikasimama wima kwenye duara lake. Baba akasogeza simu karibu na macho.

"Inarudi kinyumenyume?"

"Inarudi yenyewe, baba."

"Dereva yuko wapi?"

"Haina dereva. Inajiongoza."

"Rudisha tena nione."

Kaka akarudisha, kisha akamalizia kama anavyowamalizia wateja. "Sasa soli ya hivi viatu ni akili za watu hao hao. Wale wanakwenda mwezini, wanakanyaga mawe ya huko, wanarudi na miguu yao salama."

Baba akachukua raba moja, akabinya soli kwa kidole gumba. Ikabonyea, ikarudi. "Loo," akasema, akakaa kwenye stuli nimvalishe. Kaka alinikonyeza. Alisema baadaye kwamba tangu aanze biashara hajawahi kushawishi mtu akafurahi vile.

Kule Kisarawe tuna jirani Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, aliyehamia zamani na kuzeekea pale. Nilimsindikiza baba siku ya kurudi, na mtani akatuona kabla hatujafika uani.

"Jamani, tokeni nje! Mzaramo kashuka kutoka mwezini! Huko ulikokwenda kuna ngoma, mtani?"

"Ngoma ipo," baba akamjibu. "Ila Wanyamwezi sijawakuta. Nasikia bado wako njiani na mizigo kichwani."

"Tutafika tu. Nyie mkishuka, nani atawabebea?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kila aliyekuja kumpa pole alionyeshwa soli. Aliwaeleza habari ya roketi vizuri kuliko kaka, kwa mikono, akionyesha jinsi inavyotoa miguu. Niliporudi Kibaha nilimwambia kaka kila kitu kiko sawa, na niliamini hivyo.

Msimu wa mananasi nilikwenda kumsaidia kuvuna. Raba zilikuwa kwenye kiti sebuleni, zimewekwa juu ya kanga iliyokunjwa. Nilizigeuza kwa mazoea ya kazi yangu. Kwenye mistari ya soli huwa kunabaki udongo hata ukisugua namna gani, na Kisarawe udongo wake unang'ang'ania. Mle hamkuwa na kitu. Zilikuwa safi kuliko nilivyozitoa mimi.

Kesho yake baba alitangulia shambani. Nikamfuata, nikamkuta kwenye njia ya bondeni. Alikuwa peku. Raba alizifunga kwa kamba zake akazitundika shingoni, moja kifuani kulia, moja kushoto, na alikuwa akizishika zisigongane.

"Shikamoo baba. Viatu."

"Marahaba. Si hivi hapa."

"Mguuni, baba."

"Nikifika barabarani navaa. Huku tope."

"Nesi alisema..."

"Nesi alisema nisivae ndala. Umeniona na ndala?"

Nilipiga magoti pale kwenye njia, nikamfuta nyayo kwa shati langu, nikamvalisha. Aliniacha nifanye. Akatembea mbele yangu kama mtu anayekanyaga mayai, akiruka kila penye unyevu, mpaka njia ilipokata kwenye mikorosho nikawa simwoni. Nilipofika kwenye kona alikuwa ameshakaa chini anazivua.

"Mtu hawezi kuingia na viatu vya mwezini kwenye matope, mwanangu," alisema kwa upole, kama ananifundisha kitu. "Vitakwisha."

Nilimpigia kaka simu, nikaweka sauti kubwa, nikampa baba.

"Baba, vaa! Vikiisha nakuletea vingine! Ni mtumba huo, ninavyo robota zima!"

"Vya mwezini unavyo robota zima?"

"Baba, ile ya mwezini ni maneno ya biashara tu."

Baba akacheka, akanirudishia simu. "Kaka yako ana roho nzuri. Anasema hivyo nisijisikie vibaya nikivichakaza."

Kaka alikuja mwenyewe siku za mapumziko na raba nyeusi, nzito, za kuingilia shambani. Hakuzisifu hata kidogo. Alisema ni mbovu, za kutupa, afanye nazo anavyotaka. Baba alishukuru, na jioni yake akampa mtani. "Mimi ninavyo," alisema. Mtani alizivaa mpaka zikatoboka, akilima nazo, akichoma nazo takataka, na baba akawa anamwonyesha kwa kidole: "Mnaona? Ndiyo maana hawa hawapewi kitu kizuri."

Nikabaki Kisarawe kwa ajili ya mguu wake. Nilifagia njia. Niliokota vijiti, vigae, chochote chenye ncha. Lakini njia ya shamba haifagiliki ikaisha. Kila nilipogeuka kulikuwa na kisiki cha muhogo uliong'olewa au jani la nanasi lenye miba yake. Nilikuwa natembea mbele yake nimeinama, naye ananicheka, ananiambia nimekuwa kama kuku.

Asubuhi moja nilikuwa nafuta sakafu. Nikaona alama zinatoka chumbani kwa baba zinakwenda mlangoni, mguu wa kulia tu, kila hatua doa la kahawia. Baba alikuwa barazani anakunywa chai.

"Baba, umejikata."

"Wapi?"

Nikainua mguu wake. Katikati ya unyayo kulikuwa na kipande cha mti kimezama, na nyama pembeni yake imeshaanza kubadilika rangi. Alijikunja akaangalia. Aliuangalia kama mguu wa mtu mwingine aliyemkuta barabarani.

"Hiki kimeingia lini?" akaniuliza.

Tulirudi Kibaha siku ile ile. Hospitali walikitoa kile kipande, wakasafisha, wakampa dawa, wakanifundisha kufunga kidonda. Tulimkalisha kwetu Pangani, hapo hapo Kibaha, kwenye chumba changu, nami nikawa naosha kidonda kwa maji ya chumvi waliyotuelekeza. Mikono yangu imezoea kuosha. Raba hata iwe chafu vipi, utaona mahali pa kuanzia na utaona inapoishia. Kidonda kile nilikuwa nakiacha chekundu safi jioni, asubuhi nakikuta kimekwenda mbele. Niliosha zaidi. Kila nilipofungua kitambaa nilijua kwa harufu kabla ya macho. Sikumwambia baba. Yeye pua yake haikuwa imekufa ganzi, lakini naye hakuniambia.

Wakamlaza hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Alikaa kwenye kitanda, hakusimama juu yetu. Alisema sumu inapanda, na kama watangoja itachukua zaidi. Alionyesha kwa mkono chini kidogo ya goti.

Nilitaka kumuuliza kama hakuna namna nyingine. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye ngazi. Kaka akamuuliza yeye, kwa haraka, kwa ile sauti ya kibandani, akitaja alivyosoma kwamba siku hizi kuna mashine, kuna dawa za kuotesha nyama. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ningekuwa nayo ningempa baba yenu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kaka ameishiwa maneno.

Daktari alipoondoka baba alimwomba kaka simu. "Niwekee ile inayorudi."

Kaka akamwekea. Roketi ikashuka, ikatoa miguu, ikasimama. Baba akaomba tena. Kitanda cha pili kulikuwa na mzee mwingine, akageuza shingo naye aone. Waliiangalia wote wawili.

"Mtu anayejua kufanya hivi," baba akasema, akinitazama mimi, "anashindwa na kidonda?"

Nadhani aliuliza kweli. Alidhani miaka yote ya kukaa na kaka, na zile simu, na wateja, nitakuwa nimesikia jibu mahali. Kaka akatoka nje ya wodi. Mimi nikavuta shuka nikafunika miguu yake yote miwili.

Baba akanipa simu ya kaka. "Waambie wakate," akasema.

Baada ya upasuaji walituuliza kama mguu tunauchukua au tunawaachia wao. Shehe wa kwetu alituambia kwa simu tuufunge kwenye nguo nyeupe tuuzike, hauswaliwi. Kaka aliupakata kwenye gari la kukodi kutoka Kibaha hadi Kisarawe. Mara moja gari liliruka kwenye shimo, akaukumbatia kwa mikono yote miwili.

Mtani alikuwa ameshachimba, karibu na makaburi ya wazee wetu. Ni kazi ya watani hiyo, na utani pia ni kazi yao, kwa hiyo alijaribu.

"Mzaramo mvivu hata kufa. Wenzake wanakufa mara moja wakamaliza, yeye anakuja kwa mafungu."

Kaka hakucheka. Mtani akasubiri kidogo, akafuta uso kwa kiwiko, akaanza kufukia mwenyewe. Udongo ulipojaa akawa anaukanyagakanyaga ushuke.

Simu ya kaka ikalia. Alikuwa baba, kutoka wodini, ameazima simu ya mzee wa kitanda cha pili. Kaka akasikia sauti yake, akanipa mimi.

"Mmemaliza?" baba akauliza.

"Tumemaliza, baba."

"Vidole mmevielekeza wapi?"

Nikaangalia pale chini. Mguu ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa, umezungushwa tangu hospitali, na hakuna aliyeufungua. Ningeweza kusema kibla. Angefurahi.

"Sijui, baba."

Nilisikia watu wakikohoa wodini, na kitoroli kinapita.

"Haya," akasema. "Mwambie huyo Mnyamwezi asinikanyage."

Mtani alisikia. Akashuka kutoka juu ya udongo, akasimama pembeni na jembe lake.