Deraya Yenye Kuvu

Nilipokuwa mtumishi wa nyumbani Saudia, kitu nilichokichukia kuliko hata choo cha wavulana wa nyumba ile kilikuwa vazi la vita la Kijapani. Baba, yaani bosi wangu, alilinunua kwenye mnada akiwa safarini kikazi. Akalisimamisha kwenye sebule ya wageni kule Riyadh, juu ya sanduku lake la mbao: deraya ya vibamba vyeusi vilivyoshonwa kwa kamba za hariri, chapeo yenye pembe, na uso wa chuma uliopachikwa masharubu ya nywele za kweli. Za nani, sikuuliza. Ndani ya chapeo palikuwa na doa la jasho la mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa, na mimi ndiye niliyepaswa kulipangusa kila asubuhi.

Binti wa nyumba, mwanafunzi wa chuo, alipenda kunisimulia habari za ukoo wa samurai waliolivaa. Aliniambia kwamba baada ya vita, mabibi wa ngome, wake na mabinti wa wakubwa, waliletewa vichwa vya maadui. Waliviosha, wakavichana nywele, wakavipaka meno rangi nyeusi, maana meno meusi yalikuwa alama ya mtu mkubwa, na kichwa cha mkubwa kilimpa aliyekikata sifa zaidi. Alisimulia huku anatafuna biskuti. Mchana ule nilikuwa na kichwa cha kondoo cha kuandaa kwa wali wa wageni. Nilipofika kwenye meno nilikiacha kwenye sinki nikaenda kutapika.

Mkataba wangu wa miaka miwili ulikwisha tukiwa Riyadh. Nyumbani mamangu alikuwa amepooza upande mmoja, na msichana wangu mdogo niliyemwachia alikuwa akilala leo kwa jirani huyu, kesho kwa yule. Nikamwambia Baba nataka kurudi. Pasipoti yangu alikuwa nayo yeye, na bila kibali cha kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, hutoki nchi ile hata uwe na mabawa. Akasema tuhamie Jeddah kwanza. Tukahamia, tukakaa mtaa wa Aziziya. Akasema tumalize Ramadhani. Tukamaliza. Akasema basi mpaka apatikane mwingine wa kushika nafasi yangu, na hapo nikajua hamtafuti.

Jeddah ina unyevu wa bahari, Riyadh haina, na lile vazi likaota kuvu. Ilianzia kwenye ngozi ya kwapani, ya kijivu, yenye manyoya, ikanuka kama soksi zilizosahauliwa ndooni. Madam, mke wa Baba, akanipa siki na kitambaa. Basi nikawa nampigia magoti samurai asiye na mtu ndani, nikimsugua makwapa, na chini yake lile sanduku lenye kufuli. Binti alikuwa ameshaniambia kuwa pasipoti yangu imo humo.

Siku moja baada ya alasiri walikuja wageni, mmoja wao ami yake Baba, mzee mkimya. Nilikuwa nikiwamiminia kahawa Baba alipoanza hotuba yake ya siku zote. Alisema bwana wa ukoo ule, ili kumthibitishia mkubwa wake uaminifu, alimpeleka mke wake na mwanawe wakakae katika ngome ya yule mkubwa kama rehani. Walilishwa vizuri, walivishwa hariri, ila mlangoni hawakuvuka. Hiyo ndiyo heshima, akasema. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Nikamuuliza, kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Baba, vita vilipokwisha, yule mama na mtoto walirudishwa kwao?"

Alishangaa, lakini mbele ya wageni asingeweza kuniacha bila jibu. Akasema ndiyo, yule mkubwa alitimiza neno lake.

"Mkataba wangu uliisha Riyadh," nikasema. "Mamangu hajiwezi na mtoto wangu hana wa kumlea. Mimi ninarudishwa lini?"

Baba akacheka, akawaambia wageni kuwa mimi ni kama binti wa nyumba. Ndipo yule mzee akaiweka finjani yake mezani, imejaa, hajaigusa. Kwanza nilidhani nimeharibu kahawa. Kisha nikakumbuka desturi yao: mgeni mwenye haja nzito haionji kahawa mpaka mwenyeji aikubali haja yake, na mwenyeji akikataa ameaibika; mgeni akishakunywa, neno limefungwa.

"Sinywi mpaka umrudishe kwao," mzee akasema.

Baba akaweka mkono kifuani. "Kunywa, ami. Haja yako imekubaliwa."

Haja yako. Wageni wakamsifu Baba kwa ukarimu wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapo aliyepona ni mwenyeji kweli, kwa sifa. Haki yangu niliyoifanyia kazi kwa mikono hii ilikuwa imegeuzwa fadhila ya mwanamume kwa mwanamume, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Baba akaliteremsha vazi, akafungua sanduku, akatoa pasipoti, akampa mzee. Mzee akaiweka kwenye sinia langu. Ilinuka kuvu.

Kisha Baba akaniambia kahawa ya mgeni imepoa, yalla, nibadilishe. Nikabadilisha, nikamshikisha mzee finjani kwa mkono wangu wa kulia, nikasimama pale nikimtazama mpaka alipokunywa.