Jua Lilipohamia Chooni

Kazi yangu ni kuonyesha watu nyumba ambazo hazijajengwa. Msanifu majengo ananipa ramani, ile mistari mikavu ambayo mwenye nyumba akiitazama anaona masanduku tu. Mimi naiingiza kwenye programu ya kompyuta, naivika mawe, vioo, nyasi na mwanga, mpaka itoke picha ambayo ukiiona unatamani kufuta viatu kabla ya kuikaribia. Kazi hii niliisomea masomo ya jioni pale Nyeri mjini, huku mchana nikiuza mabomba dukani. Wenzangu darasani walisinzia mpaka wakaota. Mimi sikusinzia hata mara moja, na anayebisha aje tubishane.

Katika kazi hii tumegawanyika pande mbili, na chuki yetu inazidi ile ya wakati wa uchaguzi. Kuna watu wa apdeti, ambao programu ikitangaza toleo jipya wanaliweka kabla hata ya kupiga mswaki. Halafu kuna sisi wenye akili zetu, tunaosema kwamba programu inayofanya kazi haiguswi. Mimi nilikuwa nimekaa na toleo moja mpaka likawa kama jamaa yangu. Nilijua mahali linapokwama na mahali pa kulibembeleza. Msanifu wetu, mama mmoja aliyezaliwa kule upande wa Ziwa na ambaye ofisi nzima tunamwita Madam, alikuwa wa apdeti kabisa.

“Wewe unaogopa nini?” alikuwa akiniuliza.

“Madam, mara ya mwisho nyasi ziligeuka buluu. Ng’ombe wa mteja akapoteza kichwa.”

“Kichwa kilirudi.”

“Kilirudi, lakini kwa mbuzi.”

Hayo yote ni kweli, isipokuwa sehemu ya mbuzi.

Sasa kulikuwa na nyumba moja ya Chaka. Mwenyewe alikuwa shosho mmoja, yaani bibi kizee, mjane, aliyeishi katika nyumba ya mbao ambayo upepo wa Kieni uliingia na kutoka bila kupiga hodi. Binti yake, muuguzi anayefanya kazi Karatina, alitaka kumjengea nyumba ya mawe kabla ule msimu wa baridi na ukungu haujafika, kwa sababu baridi ya mwaka uliopita ilimshika mama kifuani mpaka ndugu wakaanza kuitana wote nyumbani. Shosho alikataa nyumba hiyo mwaka mzima. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: veranda yake iangalie juu kama ile ya zamani, ipate jua la asubuhi. Magoti yake hayaamki bila jua. Asipoota jua, alisema, hahami, na nyumba hiyo mtahamia wenyewe na mawe yenu.

Nikamtengenezea picha, nayo, bila kujisifu sana, ilikuwa picha ya kumfanya malaika aulize bei ya kiwanja. Veranda iko mbele, Mlima uko pale umevaa theluji yake, jua linachomoza ubavuni mwa Mlima na kumwagika juu ya kiti cha Shosho. Binti alimwonyesha kwenye simu. Shosho akaitazama muda mrefu, akasema, “Hapo sawa.” Fundi akapiga vigingi, akafunga kamba. Ilibaki kuchimba msingi tu.

Lakini kabla jembe halijagusa udongo, Shosho akasema simu ni ndogo, anataka kuona tena kwenye kitu kikubwa, na aone jua likitembea kuanzia asubuhi. Basi tukaenda Chaka, mimi na Madam, asubuhi moja ya Januari isiyo na wingu hata moja. Tulinyweshwa chai ya maziwa mpaka nikahisi inacheza masikioni. Kisha nikaweka kompyuta mezani, Shosho akavaa miwani, binti yake akakaa pembeni, fundi akasimama mlangoni na kofia mkononi.

Nikafungua programu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na rangi nisizozijua.

“Madam,” nikasema polepole, “hii ni nini?”

“Niliweka toleo jipya jana, ulipokuwa Wamagana kupima kile kiwanja. Nikafungua na faili yako, nikaihifadhi upya. Iko sawa.”

Mtu anayebadilisha programu siku moja kabla ya kuonyesha kazi kwa mteja ni sawa na anayekubadilishia miguu ukiwa umelala. Lakini watu walikuwa wananiangalia, kwa hiyo nikatabasamu na kuweka saa ya asubuhi.

Jua likachomoza. Halikuja kwenye veranda. Lilikuja kwa nyuma kidogo, kwa ubavu, likapita juu ya ua, na taratibu, kwa heshima zote, likaingia kwenye dirisha la choo. Choo kikang’aa! Vigae vikametameta kama meno ya mtu aliyeshinda kesi. Na veranda, ile veranda yangu, ikakaa kwenye kivuli cheusi na kiti cha Shosho ndani yake. Mlima wenyewe haukuonekana mbele tena. Ulikuwa umesogea pembeni, umejificha nyuma ya ukuta.

Nilisikia kuku nje.

“Kijana,” Shosho akaniita. “Hii jua yangu mmepeleka wapi?”

“Shosho, hiyo ni kompyuta tu, imechanganyikiwa...”

“Ati choo ndiyo itaota jua? Choo iko na magoti?”

Binti alifunika uso kwa mikono miwili. “Mami, ngoja warekebishe.”

“Mimi sihami,” Shosho akasema, akavua miwani. “Nitafia kwa mbao zangu. Niko na jua hapa.”

Nikasema kwa sauti kwamba hili ni kosa la apdeti, kwamba nimelia na apdeti tangu zamani na sasa dunia imeshuhudia. Nikajaribu kufungua faili katika lile toleo la zamani, ambalo nilikuwa nimelihifadhi kama mtu anavyohifadhi cheti cha ndoa. Likakataa: faili imehifadhiwa na toleo jipya, na la zamani haliwezi kuisoma. Nikachukua simu ya binti, nikaonyesha ile picha ya kwanza. “Hii! Hii ndiyo nyumba. Hiyo nyingine ni wazimu wa mashine.”

Madam alikuwa ameinamia kompyuta. Kisha akasema, “Jua lenyewe si liko nje? Twendeni tukaliulize.”

Tukatoka. Shosho alibebewa kigoda chake na binti, yeye mwenyewe akabeba kikombe cha chai. Madam akamwomba akae katikati ya kamba, mahali palipopangwa veranda. Akakaa. Jua likampiga magotini vizuri kabisa, nami nikaanza kucheka kwa ushindi.

“Usicheke,” Madam akaniambia. “Bado hakuna kuta. Chukueni ile mabati.”

Kulikuwa na mabati makuukuu yameegemea zizi. Mimi na fundi tukachukua moja refu, tukalisimamisha penye vigingi vya choo, mahali ukuta wake ungesimama.

Kivuli kikaanguka chote juu ya Shosho. Magoti, kikombe, leso ya kichwani, vyote. Nilisimama nimeshika mabati, mdomo wazi, na nadhani nzi aliingia na kutoka bila mimi kujua. Fundi alisema neno moja la Kikuyu ambalo halisemwi mbele ya watu wazima, halafu akamwomba Shosho msamaha. Binti alikaa chini kwenye nyasi na sketi yake ya kazi. Kesho yake tungechimba msingi. Kesho yake!

“Lakini nilisema,” Shosho akalalamika kutoka kivulini. “Nilisema veranda iangalie juu.”

“Na inaangalia juu,” Madam akajibu. Akakunjua ramani, akaweka kidole penye ncha ya karatasi. “Juu. Kaskazini.”

“Hiyo ni Nanyuki!” Shosho akapaza sauti. “Mimi niko na nini na Nanyuki? Juu ni huko!” Na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye Mlima.

Ndipo nilipoelewa, na jasho likanitoka penye upepo ule. Kwetu huku, juu ni Mlimani. Tunapanda juu, tunashuka chini, mtu akitoka upande wa Mlima ametoka juu, hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini Madam alizaliwa penye nchi tambarare na kusomea karatasi, na juu ya karatasi ni kaskazini. Aliandika kama alivyosikia. Mimi nami nikapokea ramani yake, nikasoma “juu”, na bila hata kufikiri nikabandika Mlima mbele ya veranda na kulivuta jua kwa mkono wangu mpaka likakaa palipopendeza. Lile toleo langu la zamani lilikubali. Lilikuwa linakubali kila kitu, ndiyo maana tulipendana. Hili jipya halikuniuliza: lilisoma kiwanja kiko wapi duniani, likaweka jua mahali jua linapokaa.

“Ninyi mnasema juu,” Madam akasema, “mimi nasikia kaskazini. Siku zote hizo!”

Fundi akaanza kucheka, kisha binti, kisha hata Madam. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikiutazama Mlima kama mtu aliyekutwa akimsengenya mwenyeji wake. Na kusema kweli, mpaka leo apdeti siziamini. Lakini tangu siku ile nikiona picha nzuri sana inayonitii kwa kila kitu, nashikwa na baridi.

Vigingi vikang’olewa. Fundi akafungua kamba, Madam akashika ncha moja, binti ncha nyingine, nyumba nzima ikazungushwa pale kwenye nyasi kama meza, Shosho akiwaamuru kwa kikombe: “Leta. Leta tena. Si hapo, hapo ni kwa jirani!” Veranda ikageukia Mlima, choo kikatupwa upande wa Nyandarua.

“Sasa mabati,” Shosho akasema.

Tukalisimamisha bati tena penye ukuta mpya wa choo, mimi na fundi. Shosho akasogeza kigoda chake, akakaa, akanyoosha miguu. Jua likabaki pale pale magotini. Akaifungua leso, akaikunja pajani, akafumba macho.

“Mami, wachimbe?” binti akauliza.

“Wachimbe. Na ile ya mbao mtabomoa nikishahamia, si kabla ya hapo.”

Mikono yangu ilikuwa inakaribia kung’oka mabegani. “Shosho, basi tuweke mabati chini?”

Hakufungua macho.

“Ngoja,” akasema. “Nimalize chai.”