Mama wa Dirishani, Steji ya Ruiru

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Ruiru, kukiwa kunapambazuka, na mpaka leo nikiyakumbuka natema mate.

Mimi ni mwanamke wa Gatuanyaga, na nikisafiri napenda cha bei ya chini. Mdogo wangu Wambui alikuwa amelazwa Nairobi, apasuliwe moyo saa mbili asubuhi. Aliniomba jambo moja tu: nimshike mkono kabla hajaingizwa. Nikalala kwa binamu yangu anayekaa Gatongora, karibu na Ruiru, na saa kumi na moja alfajiri nikawa steji ya Ruiru, pale magari ya Nairobi yanapopakia.

Basi kubwa lilikuwa linaondoka. Nikaliacha, eti nauli iko juu. Nyuma yake kulikuwa na matatu ya nusu bei, na kwa nje ilionekana imejaa.

"Mathe, tao! Wawili twende!" makanga, mpakiaji wa abiria, akaniita: yaani mama, twende mjini, wamebaki wawili tu.

Unaujua ule ujanja wao? Huwalipa watu wakae ndani ili gari lionekane limejaa, halafu abiria wa kweli akiingia, hao wanashuka mmoja mmoja. Naujua tangu zamani, na bado niliingia mbio. Uchoyo tu! Sikuwa nimekaa vizuri wakaanza kushuka. Tukabaki wawili, mimi na mama mmoja wa dirishani, amejitanda leso.

Mama huyo alinuka. Si jasho, nakwambia. Ilikuwa harufu ya blanketi lililokunjwa na maji yake, na nyama iliyolala siku tatu. Nzi alimtembea mdomoni, hakumfukuza. Nikaziba pua na kujiambia nivumilie, si ni nusu bei?

Saa kumi na mbili ikapita, gari halijasonga.

"Mama, na wewe umelipwa ukae?" nikamuuliza.

Hakugeuza shingo. "Sijalipwa. Naenda hosi, nikatibiwe. Nangoja ijae."

Akaweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa baridi, na ngozi ikateleza kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi.

"Shuka, mami," akasema. "Hii haijai."

Ngai! Sijui nilitokaje. Nilitapika hapo hapo mlangoni, nusura nimtapikie makanga. Nilipogeuka, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Mwenye kibanda cha chai akaniletea maji. "Umemwona, eh? Alikufia hapo kwa kiti akienda hosi. Na makanga na dereva walijua! Wakamwacha hapo kwa dirisha mpaka gari ikajaa, kwa sababu alikuwa anaifanya ionekane ina watu."

Niamini, mzimu wenyewe haukunitia kinyaa kama hilo. Binadamu gani hao?

Nikapanda basi lililofuata, nauli kamili. Wambui nilimkuta anasukumwa akiwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji. Nikamshika mkono. Akakunja uso, akauachia.

"Woiye, dada, umeshika nini?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hakuamka.

Mkono huu nimeuosha kwa sabuni, ndimu, hata majivu. Sili nao tena. Basi wewe unayekwenda mjini, bei rahisi itafute, sikukatazi. Lakini kama kuna mtu anakungoja, panda gari linaloondoka. Na ukikaa karibu na mtu asiyefukuza nzi, usimsemeshe, shuka.