Mwalimu wa Nyuma ya Plaiwudi

Mwalimu wa hesabu alimwonea kijicho mwalimu mwenzake wa chumba cha pili, mpaka namna alivyoshika chaki. Ukuta wa nyuma wa darasa lake ulikuwa plaiwudi tu, na kila kitu cha yule mama kilipenya: ndara zikiburuzwa, kikohozi cha vumbi la chaki, na kila Jumatatu kishindo cha madawati, akiwaleta mbele wanafunzi wa nyuma, mtoto wa bosi na mtoto wa dobi bega kwa bega, eti pasiwe na mtu wa kuzeekea nyuma. "Kutafuta sifa tu!" alinung'unika mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi wake wa nyuma wako nyuma tangu mwaka uanze. Na yule mama hapigi kelele hata siku moja. Hushusha sauti, nao watoto huifuata huko huko chini.

Leo darasa la hesabu lilikuwa kimya kabisa. Mwalimu, akiwa bado anaandika ubaoni, kichwa kikamvimba kwa fahari. Alipogeuka, madawati ya mbele yalikuwa matupu. Wote walikuwa wamejibana nyuma, masikio kwenye plaiwudi.

"Mnafanya nini nyinyi?"

Msichana wa dawati la mwisho akamtazama kwa adabu zote. "Samahani, mwalimu," akanong'ona, "ukiongea, hatumsikii."