Mama Mbiu Atangaza Kazi Itakayomwondoa Kazini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyuma ya nyumba ya vyumba viwili, mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa kichwani anasukutua koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Anatema, anakohoa kidogo, halafu anajaribu sauti. "Aaa. Eee. Ooo."

Dirisha linafunguka. Ni mumewe, fundi cherehani, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni.

"Bibie, jogoo wa jirani kashawika. Mnashindana?"

"Yeye hana bosi," mkewe anajibu. "Akiwika asiwike, hakuna wa kumpunguza kazi."

Anatundika kipaza sauti begani, anagusa betri mpya mfukoni kuhakikisha ipo, kisha anashika njia. Akifika kwenye kona ya kinyozi anakiinua mdomoni huku miguu ikiendelea kutembea.

"Wakazi wenzangu, hamjambo! Halmashauri yawatangazia. Kila mwenye simu afike ofisi ya mtaa aandikishe namba yake, apate matangazo kwa ujumbe. Mwisho ni mwisho wa mwezi ujao. Pia, yameokotwa meno ya bandia karibu na bomba la maji. Mwenyewe afike ofisini ayachukue."

Fundi baiskeli anainua kichwa kutoka kwenye gurudumu. "Mama Mbiu! Mwenyewe ataombaje, na meno hana?"

Watu wanacheka. Yeye hacheki. Anapita uso mkavu, na anapovuka ukuta wa ghala la mbao ndipo anapoegemea mbao na kucheka mpaka machozi.

"Mbiu haina maoni," anasema akijifuta. "Ukicheka kwenye tangazo la meno, kesho ukitangaza la maana watasubiri ucheke."

Tangazo la simu halimchekeshi. Ujumbe huo ukianza kufika kwenye simu za watu, kazi yake itakuwa imekwisha. Imebaki miezi miwili. Na halmashauri, kwa kukosa mtu mwingine anayesikika, imemtuma yeye mwenyewe kuitangaza.

*

Jina lake la kuzaliwa hutumika hospitalini tu. Huku mitaani ni Mama Mbiu, na mumewe, apende asipende, ni Baba Mbiu. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na sita. Aliirithi kwa shangazi yake, aliyekuwa akitangaza kwa baragumu la bati enzi ambazo kipaza sauti cha betri kilikuwa kitu cha wakubwa.

Mshahara wake unalipa kodi ya nyumba na mafuta ya kupikia. Chakula kinatoka kwenye cherehani ya mumewe. Ada ya shule, wakati watoto wakiwa wadogo, ilitoka mahali ambapo wazazi wengi huitoa: haijulikani ni wapi, lakini ilipatikana.

Shangazi hakumwachia fedha. Alimwachia masharti. La kwanza ndilo hilo la kutokuwa na maoni. La pili linahusu miguu.

"Habari za kawaida huzisemi umesimama," Mama Mbiu anaeleza. "Maji yatakatika, mbuzi kapotea, chanjo Jumatano, hayo unayasema unatembea. Msiba ndio unasimama. Mtu akisikia kafa nani, atataka kutoka aje akuulize. Sasa wewe uwe umeshafika kona ya pili, akukimbilie na huzuni yake? Si adabu."

Watu wa mitaa hii wamekua na jambo hilo bila kufundishwa. Sauti inayosogea, mtu anaendelea kusonga ugali wake: nusu anasikia, nusu anaacha. Sauti ikikaa mahali pamoja, masufuria yanateremshwa jikoni na milango inafunguka. Ndiyo maana, kwa miaka, tangazo la mkutano wa bajeti limepita mitaani kama upepo. Ni habari ya kutembea. Mwaka juzi walihudhuria watu kumi na moja, na sita kati yao walikuwa wametoka kupanga viti vya harusi ukumbini humohumo.

Mwaka huu mambo yalikwenda vingine, na kisa kilikuwa ndala.

*

Miezi minne iliyopita karani wa bajeti alimwita ofisini. Karani ni kijana wa mtaa huuhuu, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alimpa kiti, akamkabidhi tangazo la mkutano, kisha akakohoa.

"Mama, ni vizuri uyasikie kwangu kuliko ukumbini. Kwenye rasimu ya mwaka huu, fungu la mbiu limeondolewa. Tutatumia ujumbe wa simu."

"Fungu linakwenda wapi?"

"Zahanati. Tangi la maji na mabomba yake."

Zahanati ile ina wodi moja ya wazazi, na bomba lake hutoa maji siku linapojisikia. Mjamzito anakwenda kujifungua huku mtu wake amembebea ndoo ya maji kichwani. Nyumbani kwa Mama Mbiu, mkaza mwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Kama ungeniambia fungu linakwenda kununua gari la diwani, ningekutukana," alimwambia karani. "Sasa umenifunga mdomo."

"Mama, mimi nina shuka fupi. Nikivuta kichwani, miguu inabaki nje."

"Na mguu wenyewe ni mimi."

"Ndiyo, mama."

Alitoka na tangazo lake. Mumewe alipolisoma jioni, alimshauri aongeze maneno manne tu mwishoni: na mbiu yenu inafutwa. Mkewe alikataa.

"Mimi napeleka habari za watu," alisema. "Za kwangu sikutumwa."

"Basi utajipigia mbiu ya kufukuzwa, tena kwa sauti nzuri!"

"Ningeipiga kwa sauti mbaya ungefurahi?"

Asubuhi yake akaingia mitaani. Alipofika katikati ya nyumba za mabati, mkanda wa ndala yake ya kushoto ulikatika. Pale chini kulikuwa na kokoto na vipande vya chupa. Akasimama kwa mguu mmoja, mkono wa kushoto ukishika ukuta, wa kulia ukishika kipaza sauti, na kwa kuwa alikuwa katikati ya sentensi, akaimalizia hapohapo. Kisha, mguu ukiwa bado hewani, akalirudia tangazo lote kama kawaida yake.

Milango ikaanza kufunguka.

Wa kwanza kutoka alikuwa bibi muuza mkaa, mikono myeusi, kitenge kimefungwa harakaharaka. Nyuma yake kinyozi na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa. Kisha wanawake wenye sabuni mikononi. Wakasimama mbele yake kimya, kwa heshima.

"Nani?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani nini?"

"Nani kafa, mwanangu? Sema tu. Tumeshatoka."

"Hajafa mtu. Ni mkutano wa bajeti."

Bibi alimtazama kama mtu aliyeuziwa mkaa mbichi. "Bajeti! Mkutano wa bajeti ndio unasimama katikati ya njia, moyo wangu unakimbia namna hii? Una wazimu?"

"Ndala imekatika, bibi."

"Hebu sema tena," alidakia yule mwenye nusu kichwa. "Maana nimeacha kiti. Huo mkutano unahusu nini?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote, watu walilisikiliza tangazo la bajeti toka mwanzo mpaka mwisho. Waliuliza maswali. Zahanati imo? Imo. Taa za njia? Zimo. Kuna kufutwa kitu? Hapo Mama Mbiu alijibu, "Njooni mtasikia," akachomeka msumari kwenye ndala na kuondoka akichechemea.

Mitaa iliyofuata aliipita akitembea. Kinyozi anasema alimshangaa. "Nilimwambia, mama, umeshaona dawa. Simama kila kona, ukumbi utajaa! Akaniambia nikisimama bila maiti nimewaibia."

*

Ukumbi ulijaa hata hivyo. Watu wa nyumba za mabati walikuja wote, na habari ya ule msiba usiokuwa na marehemu ilikuwa imewavuta wengine waliotaka kuona ni bajeti gani hiyo. Karani aliyekuwa ameweka viti ishirini alihangaika kutafuta mabenchi. Alimfuata Mama Mbiu pembeni.

"Mama, wanasema ulisimama. Ulisimamisha watu kwa ajili ya fungu lako?"

Aliinua mguu kumwonyesha msumari. Karani aliinama, akautazama, akacheka, akaenda kutafuta benchi jingine.

Karani alipofika kwenye fungu la mawasiliano katika kusoma rasimu, bibi muuza mkaa alinyoosha mkono. "Hiyo 'mawasiliano kwa umma kidijitali' ni mnyama gani?"

"Ni ujumbe wa simu, bibi. Badala ya mbiu."

Ukumbi ulivuma. Mmoja alisema wanawaziba masikio. Mwingine alisema simu yake hulala bila chaji siku tatu. Bibi alibaki amesimama.

"Simu yangu anakaa nayo mjukuu, na mjukuu anakaa mbali. Na wewe, kijana, usisahau. Ulipopotea sokoni una miaka minne, kaptula nyekundu, makamasi yanatiririka, ulitafutwa kwa ujumbe?"

"Nilitafutwa kwa mbiu, bibi," karani alikiri, naye akicheka na wenzake. Kisha akasema: "Lakini mama yangu alinizaa pale zahanati kwa maji ya ndoo, na ndoo ipo mpaka leo. Nichague lipi? Niambieni nyinyi."

Mwenyekiti wa mkutano akamwita Mama Mbiu mbele. Alikwenda bila kipaza sauti, na waliokaa nyuma wanasema ndiyo siku walijua kwamba, bila kile chombo, sauti yake ni ndogo.

"Tangi linunuliwe," alisema. "Nina mkaza mwana anasubiri siku zake, na siwezi kumwambia kachote maji ili mimi niendelee kupiga kelele. Ila msiandike kwamba watu watapata habari. Andikeni kwamba wenye simu watapata habari. Hao wengine mseme wazi mmewaacha, ili nao wajue."

Alirudi kukaa.

Bibi muuza mkaa alikuwa akiitazama meza ya mbele. "Na soda hizo? Ziko fungu gani?"

Zilikuwa kwenye fungu la viburudisho vya mikutano. Karani alipolisoma kwa sauti, watu walipiga kelele kubwa kuliko mwanzo. Fungu lile la mwaka mzima lilitosha kumlipa Mama Mbiu miezi sita. Diwani mmoja aliyekuwa amefungua chupa yake aliirudisha mezani taratibu, kana kwamba haikuwa yake.

Uamuzi ukawa huo. Tangi, ndiyo. Mbiu, miezi sita kwa fedha ya soda, na katika miezi hiyo wakazi waandikishe simu zao. Baada ya hapo, basi.

*

Tangi limekuja. Ni jeusi, limekaa juu ya nguzo nne nyuma ya zahanati. Mkaza mwana alijifungua mtoto wa kike wiki ya pili baada ya mabomba kuunganishwa, na hakubebewa ndoo. Nyumbani, akimkanda mtoto mgongo, anasema hajui afurahi kwa sauti gani.

"Mama alinifulia nguo zote palepale zahanati, kwa maji ya bomba," anasema. "Alikuwa anafungua koki, anafunga, anafungua tena. Nikamwambia mama, unayamaliza. Akasema nimeyalipia."

Mama Mbiu anamkatiza kutoka uani. "Usimwambie mwandishi hayo, ataandika!"

Lakini miezi miwili inakwenda upesi, naye hakai bure. Akimaliza mzunguko wa asubuhi anarudi kwa miguu kwenye nyumba ambazo namba zake hazijafika ofisini. Hodi hodi, karibu, una simu? Wengine walikuwa wamesahau tu, anawahimiza waende leo. Wengine wanagoma kwa ajili yake.

"Siandikishi," fundi baiskeli alimwambia wiki hii. "Tukigoma wote, watakurudisha."

"Mkigoma wote, maji yakikatika hutajua, na mimi sitakuwepo. Nenda kaandikishe, baba."

Kisha kuna wale wasio na simu kabisa, au wanayo lakini macho hayasomi. Bibi muuza mkaa. Mzee mlinzi wa ghala la mbao. Mama wa watoto watano nyuma ya kisima. Hawa anakaa nao kidogo zaidi, anaulizia afya, anaangalia mlango wao unatazama njia ipi na sauti itawafikia kutoka kona gani.

Mwisho wa mwezi ujao anakusudia kwenda kwa karani na ombi moja. Hataki fungu lote lirudi. Ameshapiga hesabu ya miguu: nyumba hizo zinazungukwa kwa asubuhi mbili katika wiki, na kwa robo ya mshahara wa zamani atakubali.

"Wenye simu nimewakabidhi, wawe wa halmashauri," anasema, akibadilisha betri kwa ajili ya mzunguko wa jioni. "Hawa wengine nitamwomba anipe. Akikataa..." Anasita, anajaribu kipaza sauti, kinakoroma. "Akikataa, bibi wa mkaa ameniambia nipite tu, atanipa chai. Lakini chai hailipi kodi. Naomba asikatae."