Jina Jekundu kwenye Kaburi la Akina Ikegami

Wanaosema kwamba fundi wa mawe alikosea, na sisi akina Ikegami tukaona haya kumwita arekebishe, waache. Fundi hakukosea. Jina la Mitsue lilichongwa kwenye kaburi la ukoo wetu kwa agizo langu. Wekundu ule ni wa jina la kila aliye hai anayengojewa pale. Jina langu nalo ni jekundu, kando ya la marehemu mume wangu, na nikifa rangi itafutwa.

Wifi yangu Fumino alichora katuni za wasichana kwa miaka thelathini na minne, katika chumba cha juu cha nyumba hii, hapa mjini Takaoka, Japani. Hadithi zake zilikuwa kama moja tu: wasichana wawili, shule, mvua, barua iliyofichwa kwenye kabati la viatu. Mimi nilisomea fasihi chuoni, nikazidharau, hadi siku nilipounguza samaki jikoni kwa kutaka kujua kama barua ilijibiwa.

Mitsue alikuja kumsaidia akiwa na miaka ishirini na miwili, akakaa. Fumino alichora nyuso. Nywele alimwachia Mitsue azijaze wino. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa.

"Macho makubwa kama visahani!" Mitsue alikuwa akimchokoza. "Nisipokuwepo, watoto wako wote wataenda shule na vipara."

"Basi usiende popote," Fumino alijibu bila kuinua kichwa.

Hakwenda.

Fumino alifariki mwezi wa pili, kwa maradhi ya mapafu. Ilipokaribia siku ya arobaini na tisa, siku ya kuyazika majivu yake, Mitsue alishuka ngazi na sanduku lake, akapiga magoti mbele yangu na kuweka ufunguo wa nyumba mkekani.

"Dada mkubwa, nimewasumbua vya kutosha. Naomba kitu kimoja tu. Niumalize ukurasa wake wa mwisho, nywele bado."

"Unakwenda wapi? Huna ndugu."

"Chumba nitapata."

"Na ukifa?"

"Hekalu lina kaburi la pamoja la wasio na wenyewe. Nimeshajiandikisha." Alitabasamu. "Msongamano, lakini mtu hakosi wa kupiga naye soga."

Nilipanda naye. Kwenye karatasi, wasichana wawili walikuwa wameegemeana kwenye benchi la stesheni. Nyuso zimekamilika, hadi ukope wa mwisho. Vichwa vyeupe kama vya vikongwe. Fumino alikuwa na nguvu za kuchora kope zile zote. Nywele aliziacha kwa makusudi.

Mitsue alifanya kazi asubuhi nzima, akiacha uzi mwembamba wa mwanga kwenye kila shungi. Alipomaliza aliwaambia wale wa kwenye karatasi, si mimi, "Haya, nendeni shule."

Nilimrudishia ufunguo mfukoni mwa aproni. Kisha nikampigia simu fundi wa mawe.

Baba mdogo wa mume wangu, Tamotsu, alifika kesho yake, hata chai hakuigusa.

"Kaburi la ukoo si nyumba ya wageni, mama! Yule si damu yetu."

"Mimi je, Baba mdogo? Nilitoka nyumba ya watu, na jina langu liko pale mwaka wa kumi na moja."

"Wewe uliolewa!"

"Naye alikaa. Mwanao alipougua maradhi hayo hayo ya mapafu, nani alimkesha?"

Alijua ni Mitsue. Mwishowe alivuta kikombe, akanywa chai iliyokwisha poa.

Siku ya arobaini na tisa Mitsue alisimama nami mstari wa mbele, akaona jina lake. Alilisoma kwa kidole, polepole, kama anayefuata mstari wa penseli.

Bado wapo wanaonisimamisha sokoni kuniuliza wale wawili walikuwa nini hasa wao kwa wao. Majina yako kwenye jiwe. Sina la kuongeza, na sitaongeza.