Notburga apunguza meno ili Bibi Getruda asishuke mlimani

Saa mbili asubuhi, gerejini mtaa wa Mfaranyaki. Notburga Komba amechuchumaa ubavuni mwa pikipiki, kitenge kakifunga juu ya suruali, grisi imempanda hadi viwikoni. Anachomoa gia ya mbele, ile ndogo inayovuta cheni, anaiinua juani na kuhesabu meno yake kwa kidole.

"Kumi na sita! Sixbert, nani alikuwekea hii?"

"Mwenyewe, mama."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe mimi."

Sixbert, dereva wa bodaboda, anatazama viatu vyake. Gia ya awali ilikuwa na meno kumi na manne. Akaona akiongeza meno ataongeza nguvu. Kwenye lami ya Namtumbo pikipiki ikaruka kama swala. Kwenye kilima cha njia ya Mpitimbi ikakohoa, ikazima.

Aliyeumia ni abiria wake, Bibi Getruda, mwenye miaka sabini na moja na nyonga mbovu, anayekuja mjini kila mwezi kufuata dawa za presha. Desturi ya kilima kile inajulikana: dereva anasimama chini, anasema "Shuka kidogo, tukutane juu," kisha anamsubiri abiria kileleni, kivulini.

"Nauli nalipa kamili, mlima napanda mwenyewe," anasema Bibi kutoka kwenye benchi la gereji, kikombe cha uji mkononi. "Hata punda haombi umshukie."

Mwezi uliopita hakuja kabisa. Dawa zikamwishia, na majirani wakamkuta ameanguka mlangoni kwake.

Notburga ana miaka arobaini na minane. Alianza kwa kuuza vitumbua mbele ya gereji ya kaka yake, Leo. "Kila mteja aliniuliza Leo yuko wapi. Nikachoka kujibu, nikashika spana." Kaka huyo sasa analima tumbaku, dada mtu amebaki na gereji, mwaka wa kumi na tisa huu.

Kazi kama ya leo anatoza shilingi elfu tano, wateja wakipatikana. Wengine wakimwona hugeuka. "Wananiuliza fundi yuko wapi. Nawaambia katoka, msubirini. Nikishamaliza pikipiki nyingine nawaambia, haya, amerudi."

Anafunga gia ya meno kumi na matatu, anavuta tairi la nyuma kidogo ili cheni isilegee. Sixbert anauliza itakuwaje gia ndogo ipande mlima.

"Ukiwa na ndoo ya maji kichwani, mlimani unapiga hatua ndefu?"

"Fupi."

"Basi. Injini nayo inataka hatua fupi. Mbio zitapungua, hilo nakwambia mapema."

Kwake pikipiki haijaribiwi tupu. Inajaribiwa na mzigo ule ule ulioishinda. "Bibi, panda. Akikushusha, nitakubeba mgongoni mwenyewe."

"Utaweza? Nimekunywa uji."

Kwenye tambarare wanakwenda polepole hadi mwenye baiskeli anawapita na kuwapungia mkono. Notburga yuko nyuma yao kwenye pikipiki ya gereji. Chini ya kilima, Bibi anashika kitenge chake tayari kushuka, kwa mazoea. Sixbert hasimami. Injini inanguruma, vumbi linatimka, pikipiki inapanda kwa hatua zake fupi, haikohoi.

Kileleni Bibi anampiga dereva begani. "Simama, mjukuu wangu."

"Nyonga, bibi?"

"Nyonga nzima. Kila nikifika hapa nilikuwa natafuta pumzi. Leo nataka niutazame."

Anageuka kwenye kiti na kuutazama mlima chini yake, bila haraka, kama anayemtazama jirani mgomvi aliyehama.

Notburga, aliyefika nyuma yao, anafuta mikono. Ana mpango wa kununua gia kumi za meno kumi na matatu, awafungie madereva wote wa njia hii, kisha aweke kibao hapa hapa juu: MLIMA HUU HATUSHUKI.

"Kiweke chini kule," anasema Bibi Getruda. "Huku juu watakaosoma ni waliokwisha kupanda."